Baada ya Dozi ya Asubuhi: Nafasi ya Maktaba katika Tiba ya Uraibu

Mkazi wa Sinza anayetibiwa uraibu wa heroini katika kliniki ya Mwananyamala hunywa methadoni yake mbele ya mhudumu, kisha siku nzima humbakia mkononi. Dozi moja huzuia arosto kwa takriban saa 24, lakini haimpi mtu mahali pa kukaa. Kwa asiye na kazi, panapomkaribisha aghalabu ni maskani ile ile ya zamani, na huko ndiko unga ulipo.

Huduma hii ya umma ilianza Muhimbili Februari 2011. Si mbali na hospitali hiyo, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Kiti, kivuli na gazeti la siku si tiba, ila humweka mraibu mbali na kijiwe kwa saa kadhaa, na saa hizo ndizo ngumu.

Mkutubi naye ana hofu zake, nazo si za kubezwa. Mgonjwa aliye katika wiki za mwanzo za methadoni, dozi ikiwa bado inarekebishwa, huweza kusinzia juu ya kitabu. Huyo asifukuzwe kama mlevi, aamshwe taratibu. Akiitika vizuri, ashauriwe kuieleza kliniki. Asipoamka, akavuta pumzi chache au kukoroma isivyo kawaida, mboni zikasinyaa kama ncha ya sindano na midomo ikageuka rangi, hiyo ni dharura: msaada uitwe mara moja, alazwe ubavu, wala asiachwe peke yake. Pumzi zikikatika, apuliziwe kinywani. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa aliyetoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu akarudia kipimo chake cha zamani, kwa kuwa mwili umekwisha kukisahau.

Huko Philadelphia, Marekani, wakutubi wa tawi la McPherson Square walijifunza kutumia nalokisoni, dawa inayorudisha pumzi, na kufikia mwaka 2017 walikuwa wameokoa watu kwa dawa hiyo. San Francisco ilitangulia mwaka 2009 kwa kuajiri mtaalamu wa ustawi wa jamii ndani ya maktaba.

Kwa mhudumu wa kliniki, swali moja lafaa kuongezwa dirishani mgonjwa anaporudisha kikombe: "Ukitoka hapa, mchana unakaa wapi?"