Vita na Ukoloni katika Ushairi wa Kiayalandi: Kisa cha Eoghan Rua Ó Súilleabháin

Wengi wetu hudhani kwamba shairi la kupinga ukoloni hutungwa na mtu aliyesimama upande mmoja. Ushairi wa Kiayalandi unaitia dhana hiyo shaka.

Baada ya vita vya Kinsale (1601) na kuhama kwa watawala wenyeji mwaka 1607, malenga wa Ayalandi walipoteza walezi wao. Uvamizi wa Cromwell (1649–1653) na kushindwa kwa Mfalme James II mwaka 1690 vilizidisha maafa. Ardhi ilitwaliwa na Kiayalandi kikazidi kuwa lugha ya wanyonge. Dáibhí Ó Bruadair (aliyefariki 1698) aliyaomboleza hayo waziwazi.

Karne ya 18 ilishamirisha aisling, yaani njozi. Mshairi hutokewa na mwanamke mrembo ambaye, kwa tashihisi, ni Ayalandi yenyewe. Mumewe halali, mfalme wa ukoo wa Stuart, yuko ng'ambo. Atarejea, aghalabu kwa msaada wa Wafaransa.

Bingwa wa njozi hizi alikuwa Ó Súilleabháin (1748–1784) wa Kerry, kibarua na mwalimu. Huyohuyo alijikuta katika jeshi la majini la Uingereza. Mwezi Aprili 1782, huko Karibi, alipigana chini ya Admirali Rodney dhidi ya Wafaransa, walewale waliongojwa katika njozi! Kisha akatunga shairi la kumsifu Rodney, tena kwa Kiingereza. Husimuliwa kwamba alitaraji kufunguliwa kutoka jeshini kwa sababu ya shairi hilo, akanyimwa.

Je, alikuwa msaliti? Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kwa maoni yangu, shairi hilo la sifa linatufunulia ukoloni kuliko njozi zake zote. Katika njozi, mtawaliwa ni mwanamke asiye na doa; manowarini, ni mtu anayeukodisha ulimi wake ili apate kurudi kwao.

Suala la ulimi halijaisha. Biddy Jenkinson, mshairi wa kisasa, hapendi mashairi yake yatafsiriwe kwa Kiingereza nchini Ayalandi. Lugha nyingine hakuzifungia mlango. Nami, nikiri, nimewasoma malenga hawa wa kale kwa tafsiri za Kiingereza.