Ndoa na Urithi: Tuweke Ushahidi Mapema



Someni kwanza Ruthu, sura ya 4. Boazi alitaka kumwoa Ruthu, na pamoja naye lilikuwako shamba la marehemu. Jambo hilo hakulimaliza chumbani. Alikwenda kwenye lango la mji, akawaketisha wazee kumi, na mbele yao akatamka kwamba amelichukua shamba na anamwoa mjane. Ndoa na urithi vilishuhudiwa siku moja, na mashahidi walikuwa hai kuulizwa.

Kwetu Pemba jambo hili twalijua. Baba akifariki huacha nyumba, shamba na mikarafuu. Hata matanga hayajaanuliwa, ndugu huanza kuuliza: Mama huyu aliolewa wapi? Watoto hawa ni wa nani? Mjane aliyechuma na kuanika karafuu miaka ishirini atajibu kwa kitu gani? Machozi si ushahidi. Basi tujifunze mambo manne.

1. Kukaa pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, yasema kwamba mume na mke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua hivyo, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Jamaa zetu wengi huitegemea sheria hiyo. Lakini hiyo ni sheria ya Tanzania Bara. Huku Visiwani haitumiki. Tena hata huko Bara, ushahidi mwingine waweza kuiondoa dhana hiyo.

2. Kesi ya Yawe. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua shauri la mama mmoja wa Kenya. Aliishi Nairobi miaka tisa na rubani Mganda, wakazaa watoto wanne. Bwana alipokufa, ilibishwa kwamba mama yule hakuwa mke. Mahakama ilisema kukaa kwao muda mrefu, na kujulikana kwao kuwa mume na mke, kulitosha kudhania ndoa, maana hapakuwa na ushahidi wa nguvu wa kuipinga. Alishinda, lakini ilimbidi apande mpaka mahakama ya rufaa. Na mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilionya kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra tu. Asiye na cheti asijipe moyo kwa kesi hii.

3. Karatasi tatu. Cheti cha ndoa chaonyesha kwamba mlioana, lini, na mbele ya nani. Cheti cha kuzaliwa chataja wazazi wa mtoto; Zanzibar hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018. Cheti cha ubatizo chaonyesha kwamba mtoto alibatizwa. Msiichanganye kazi yake: chaweza kusaidia kuonyesha wazazi walitajwa akina nani, lakini hakishiki nafasi ya vile viwili. Majina yaandikwe namna moja kila mahali. Aliyeandikwa Yohana kanisani na Juma kwenye cheti cha kuzaliwa atawapa wanawe kazi kubwa.

4. Nyumba za dini mbili. Hizi tunazo. Mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na katika sheria hiyo asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, hata akiwa na cheti kizuri cha ndoa. Bwana aweza kumwachia mkewe Mkristo kitu kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali. Kwa hiyo mzungumze mkiwa wazima, na wasia uandikwe mbele ya mashahidi.

Tusiwacheke wale wasio na karatasi, wala tusimwite mtoto kwa jina la aibu. Mtoto hakuchagua siku ya kuzaliwa. Bali wanaoishi pamoja bila ndoa, na hawana kizuizi, wamwendee padre sasa, matangazo yasomwe, wafunge ndoa mbele ya watu, kama Boazi alivyofanya kwenye lango la mji.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Boazi alitaka wazee kumi, na si mmoja?
2. Cheti chako cha ndoa kiko wapi, na ni nani mwingine ajuaye mahali kilipo?
3. Je, jina la kila mtoto wako ni moja katika karatasi zake zote?