KIKULACHO KI TUMBONI MWAKE

Katika likizo ya Aprili mwaka wa 2024, mvua ikinyesha usiku na mchana, mbuzi wetu mmoja mwenye mimba alikufa. Huyo ndiye aliyekuwa wa karo yangu. Hakuhara hata siku moja. Tulichoona ni uvimbe laini chini ya taya, basi. Jirani akasema, "Huyo ametupiwa jicho baya!" Baba alipompasua, tulikuta tumbo la nne limejaa minyoo wembamba kama uzi. Jicho baya liko wapi hapo?

Mnyoo huyu kitaalamu huitwa Haemonchus contortus. Urefu wake ni sentimita 2 hadi 3, na kazi yake ni kunyonya damu. Mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Waweza kucheka, lakini hebu tupige hesabu. Minyoo 1,000 humaliza mililita 50 kila siku; kwa siku 10 ni nusu lita. Na mbuzi wa kilo 20 ana damu ipatayo lita 1 na nusu tu! Damu ikipungukiwa na protini, maji hukusanyika chini ya taya. Ndio ule uvimbe.

Je, huambukizwa vipi? Jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu huanguliwa, na kwa muda wa juma moja hivi lava huwa tayari. Hupanda nyasi zenye umande, mbuzi akala nyasi pamoja nao. Baada ya majuma 3 hivi wamekomaa, wanataga.

Basi tufanyeje?

1. Geuza kope ya chini ya jicho uangalie ndani. Pakiwa pekundu, shwari. Pakiwa peupe, damu imekwisha, mtafutie dawa upesi. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi 5, iitwayo FAMACHA, ya kulinganishia.

2. Usinyweshe kundi zima dawa ovyo ovyo, kwani minyoo huwa sugu. Wape wanaohitaji, kulingana na uzito. Usitumie kipimo cha kondoo. Mwili wa mbuzi huondoa dawa upesi zaidi. Muulize daktari wa mifugo.

3. Wasitoke kwenda malishoni kabla umande haujakauka. Majani ya vichaka ni salama zaidi, maana lava wengi hukaa karibu na ardhi.

4. Walishie kihorini, si chini penye kinyesi.

Siku hizi, kila baada ya majuma 2, mimi na baba hukagua macho ya mbuzi wote. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshaujenga. Wewe ziba ufa.

Zoezi: Mbuzi ana minyoo 600. Je, atapoteza mililita ngapi za damu kwa juma moja?