Mkongojo Ushikwe Mkono Gani? Mafunzo kutoka Chumba cha Tiba ya Viungo

Mwalimu wa sayansi anapowatuma wanafunzi wake nje ya darasa kutafuta habari za mradi, mara nyingi wao hurudi na maelezo marefu ya mambo waliyoambiwa, na maelezo machache sana ya mambo waliyoyaona kwa macho yao. Makala haya yanaeleza kazi ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, msichana, aliyepewa ruhusa ya kufuatana na mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali moja ya mkoa. Alikwenda huko kila Jumanne na Alhamisi alasiri, kwa muda wa wiki tano. Mimi nilikuwa mshauri wa klabu ya sayansi ya shule yake, nami nililisoma daftari lake kila Jumamosi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba chumba cha tiba ya viungo ni maabara kamili ya fizikia na biolojia, na kwamba mwanafunzi huyu alifundishwa humo pia jambo lisiloandikwa katika mtaala: uaminifu wa kutunza takwimu.

1. Tiba ya viungo ni nini?

Tiba ya viungo, ambayo wengi huiita fiziotherapia, ni elimu ya kumrudishia mtu uwezo wa kujongea baada ya ugonjwa au ajali, au kumhifadhia uwezo alio nao usipotee. Nyenzo zake kubwa ni mazoezi, mikono ya mtaalamu, joto, baridi, na vifaa kama mikongojo na magongo. Kuchua na kunyoosha viungo ni maarifa ya kale katika mataifa mengi, pamoja na yetu. Hata hivyo, mpango wa kuyafundisha maarifa haya kwa utaratibu ulianza kuenea Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm, na mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza waliunda chama cha kulinda heshima na viwango vya kazi hiyo. Baadaye Vita Kuu ya Kwanza na milipuko ya polio ilileta maelfu ya watu waliohitaji kujifunza kutembea upya, na taaluma ikakua haraka. Hapa Tanzania wataalamu hao hufundishwa, miongoni mwa mahali pengine, mjini Moshi, penye hospitali ya KCMC.

2. Kutazama na kupima

Siku ya kwanza mwanafunzi wetu alitarajia kuona mashine. Alichokiona ni mtaalamu, mama wa makamo, akimwomba mgonjwa atembee kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha arudi. Ndivyo alivyofanya kwa mgonjwa wa pili, na wa tatu.

“Mbona huandiki, mwanangu?” mtaalamu alimwuliza.

“Sijaona kitu cha kuandika, mama.”

“Basi tazama viatu vyake.”

Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imelika upande wa nje, na ile ya kulia ilikuwa karibu mpya. Kiatu kilikuwa kimeandika historia ya miezi mingi ya kuuhurumia mguu mmoja. Tangu siku hiyo daftari likaanza kujaa.

Baada ya kutazama hufuata kupima. Mtaalamu hutumia kipimapembe chenye mikono miwili, kinachofanana na kile cha hisabati, kupimia nyuzi ambazo kiungo kinaweza kukunjwa. Goti lenye afya, kwa mfano, hukunjwa kiasi cha nyuzi 135. Nguvu za misuli nazo hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Alama 0 maana yake misuli haishtuki kabisa. 1, inashtuka lakini kiungo hakiendi. 2, kiungo kinakwenda iwapo hakipingwi na mvutano wa dunia. 3, kinaushinda mvutano huo. 4, kinaushinda mvutano na kupambana kiasi na mkono wa mtaalamu. 5, nguvu ni za kawaida.

Msomaji aangalie vizuri tofauti kati ya alama ya 2 na ya 3. Mgonjwa anayeweza kuusogeza mkono wake juu ya meza, lakini hawezi kuuinua kutoka mezani, ameshindwa na uzito wa mkono wake mwenyewe. Mpaka kati ya alama hizo mbili umewekwa na kani ile ile iangushayo embe kutoka mtini.

3. Suala la mkongojo

Katika wiki ya pili aliingia mzee mmoja, fundi mwashi wa zamani, ambaye gegedu la nyonga yake ya kulia lilikuwa limelika. Alikuwa ameshika mkongojo kwa mkono wa kulia, akiinama upande huo kila alipopiga hatua. Mtaalamu alimwamkia, akauchukua mkongojo, akautia katika mkono wa kushoto.

Mwanafunzi aliandika daftarini: “Amekosea?” Jumamosi aliniuliza mimi swali hilo hilo. Kwa aibu nakiri kwamba mimi, niliyesafiri ng'ambo kutafuta shahada ya uzamivu katika fizikia, nilimjibu upesi kuwa mkongojo hushikwa upande unaouma. Kisha tuliketi, tukachora, tukakokotoa. Na kabla ya chai kumalizika nilikuwa nimelifuta jibu langu.

Hebu tufuate hesabu hiyo. Tunapotembea, kila mara kuna kitambo ambacho mguu mmoja tu uko chini. Wakati huo fupanyonga hukaa juu ya kichwa cha mfupa mmoja wa paja, kama mtambo wa mizani juu ya egemeo lake. Huu ni wenzo. Upande wa ndani uzito wa mwili huvuta kuelekea chini. Upande wa nje misuli ya ubavuni mwa nyonga huvuta pia kuelekea chini ili mwili usilale upande.

Tuchukue mtu mwenye uzito wa nyutoni 600, yaani masi ya kilo 60 hivi, aliyesimama kwa mguu wa kulia. Tukiutoa uzito wa mguu ulioko chini, nyonga hubeba kiasi cha nyutoni 500. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme uzito huo uko sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, na misuli iko sentimita 5. Kwa kanuni ya momenti:

kani ya misuli × 5 = 500 × 10

Kani ya misuli ni nyutoni 1,000. Kwa kuwa uzito na misuli vyote huvuta chini, kiungo cha nyonga hubanwa kwa 500 + 1,000, yaani nyutoni 1,500. Hiyo ni mara mbili na nusu ya uzito wote wa mtu, na hubebwa na gegedu lililokwisha kulika.

Sasa tumpe mkongojo kwa mkono wa kushoto, sentimita 40 kutoka kwenye nyonga ya kulia, naye aukandamize hata ardhi imrudishie nyutoni 75 tu, ambazo ni sawa na uzito wa unga wa kilo saba na nusu. Momenti ya mkongojo ni 75 × 40 = 3,000, nayo husaidia misuli. Katika 5,000 zilizokuwapo hubaki 2,000, ambazo misuli huzikabili kwa nyutoni 400. Kiungo sasa hubanwa kwa 500 − 75 + 400, yaani nyutoni 825. Kwa msukumo mdogo wa mkono, mzigo wa nyonga umepungua kwa nyutoni 675.

Mkongojo ukishikwa upande wa kulia, msukumo wa ardhi huwa nje ya egemeo, wala hauwezi kuizuia momenti ya uzito. Ndiyo maana yule mzee alilazimika kuinamisha mwili wote juu ya mkongojo wake. Namba nilizozitumia ni za makadirio, na miili hutofautiana, kanuni haibadiliki.

Mtaalamu alimfundisha mzee mambo mengine mawili. Kwanza, mkongojo usogezwe pamoja na mguu unaouma. Pili, urefu wake ufike kwenye kiwiko cha kiganja, pale mkono unapoungana na kiganja, mtu akiwa amesimama wima na mikono ikining'inia. Mkongojo wa mzee ulikuwa mrefu mno. Ulikatwa siku hiyo hiyo kwa msumeno.

4. Mgonjwa aliyefutwa katika jedwali

Ama kuhusu jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwanafunzi alikuwa amechagua wagonjwa watano, kila mmoja kwa ridhaa yake, akiwaandika kwa herufi A hadi E badala ya majina. Mgonjwa D alikuwa mama mmoja muuza mboga, aliyepatwa na kiharusi kilichoudhoofisha mkono wake wa kulia. Alihudhuria mara tatu, na kila mara aliinua mkono juu zaidi kidogo. Baada ya hapo hakuonekana.

Mwanafunzi alipoandaa jedwali lake alimwacha D, akabakiza wanne. Grafu ilipendeza sana: mistari yote ilipanda. Alimwonyesha mtaalamu kwa furaha.

“D yuko wapi?” mtaalamu aliuliza.

“Nimemfuta, mama. Takwimu zake hazikutimia.”

“Umemfuta daftarini, mwanangu. Mkono wake bado umelala.”

Mtaalamu alipiga simu kwa binti wa yule mama. Ilibainika kwamba kila safari ilihitaji nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa watu wawili, kwani mgonjwa hakuweza kupanda peke yake. Na siku ya hospitali ilikuwa siku isiyouzwa mboga. Baada ya wiki mbili walifika. Kipimapembe kilionyesha kwamba bega lilikuwa limekaza, na mkono uliinuka chini ya kiwango cha siku ya kwanza. Mtaalamu hakumlaumu mtu. Alimfundisha binti mazoezi manne ya kufanywa nyumbani asubuhi na jioni, akamtaka ayarudie mbele yake hadi akayaweza, kisha akapanga waje mara moja tu kwa mwezi.

Hebu tuone kwa namba za kubuni jinsi kufuta kunavyopotosha. Tuseme wagonjwa wanne waliongeza nyuzi 20, 25, 15 na 20. Wastani ni nyuzi 20. Mgonjwa wa tano akiwa amepoteza nyuzi 20, wastani wa wote watano ni nyuzi 12. Anayesoma jedwali la kwanza ataamini kwamba tiba inatosha kwa kila mtu. Anayesoma la pili atauliza kwa nini mmoja alirudi nyuma, na katika kuuliza ataifikia nauli ya gari. Tiba isiyomfikia mgonjwa haijapimwa kikamilifu.

Mwanafunzi aliuandika upya ukurasa wote. Katika safu ya D aliacha nafasi wazi kwa siku ambazo hakuna kipimo kilichofanywa, akaeleza sababu chini yake. Grafu haikupendeza tena kama ile ya kwanza. Mradi wake ulipata alama nzuri, lakini sikuona akizitaja. Aliuliza tu kama angeweza kurudi hospitalini mwezi uliofuata, siku ya D.

5. Kwa walimu

Mwalimu anayetaka kuanzisha mradi wa namna hii azingatie haya. Ruhusa iombwe kwa uongozi wa hospitali na kwa kila mgonjwa, na mgonjwa awe huru kukataa bila kutoa sababu. Mwanafunzi asimguse mgonjwa, atoke nje anapoambiwa, na asiandike majina. Muda uwe wa wiki kadhaa. Hata wiki tano ni chache: mwanzoni mwa mazoezi nguvu huongezeka hasa kwa kuwa neva hujifunza kuiamsha misuli vizuri zaidi, na misuli yenyewe hunenepa baadaye.

Maswali

1. Rudia hesabu ya sehemu ya 3, ukichukua kwamba ardhi inausukuma mkongojo kwa nyutoni 100. Je, kiungo kitabanwa kwa kani gani? (Jibu: nyutoni 600.)

2. Mtu ameshika mzigo wa nyutoni 50 kiganjani, sentimita 35 kutoka kwenye kiwiko, mkono ukiwa umelala sambamba na ardhi. Misuli ya mbele ya mkono imeshikamana sentimita 5 kutoka kwenye kiwiko. Ukiuacha uzito wa mkono wenyewe, tafuta kani ya misuli. (Jibu: nyutoni 350.)

3. Tazama soli za viatu vya watu watano wa nyumbani kwako, kwa ruhusa yao. Andika ulichokiona kabla ya kuandika unachokidhani.

4. Katika jaribio lolote ulilowahi kulifanya shuleni, je, uliwahi kukiacha kipimo kimoja kwa sababu hakikulingana na vingine? Eleza ni nini ambacho kipimo hicho kingeweza kukufundisha.