Maumivu ya Nyonga kwa Wakimbiaji

Michezo ya UMISSETA inapokaribia, wanafunzi wengi huongeza mazoezi kwa ghafula. Aliyekuwa akikimbia kilomita 10 kwa juma hukimbia 30. Pumzi humtosha, lakini nyonga huanza kumuuma. Kwa nini?

Sababu ni hii: moyo, mapafu na misuli huzoea kazi upesi, bali mifupa na kano huchelewa. Katika kilomita moja kila mguu hukanyaga chini mara 500 hivi, na kila mara kiungo cha nyonga huchukua mzigo unaozidi uzito wa mwili. Nasi wa Kihesa twakimbia katika miinuko: kupanda huchosha misuli ya nyonga, na kushuka huongeza kishindo.

Yafaa kwanza kujua panapouma. Maumivu ya ubavuni mwa nyonga au ya takoni, yanayopungua ukipumzika siku mbili tatu, mara nyingi ni ya misuli na kano. Punguza mbio kwa nusu, acha vilima, ukimbie tambarare mpaka yaishe.

Maumivu ya kinenani ni jambo jingine, hasa yakizidi ukikimbia, yakikufanya uchechemee, au yakikuamsha usiku. Huenda shingo ya mfupa wa paja imeingia ufa mwembamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mfupa ukikatika hapo, mgonjwa huhitaji kupasuliwa. Tena, kwa kijana anayekua, kichwa cha mfupa huo chaweza kuteleza kutoka mahali pake, na maumivu yakasikika gotini tu. Mwenye dalili hizi aache kukimbia siku hiyo hiyo, asikandwe wala kunyoshwa, aende hospitali akapimwe.

Wengine watauliza, “Mbona John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 hali ameumia goti?” Ni kweli, na Tanzania yamheshimu. Lakini ule ulikuwa uvumilivu wa siku moja ya shindano. Mazoezi ni kazi ya miezi; anayekimbia juu ya maumivu kila siku haujengi mwili, bali aubomoa.

Ili kujikinga, fuata haya:

1. Ongeza kidogo kidogo. Ukikimbia kilomita 20 juma hili, lijalo zisizidi 22.
2. Pumzika angalau siku moja kwa juma.
3. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, tembea kwa haraka dakika 10 kabla ya kukimbia.
4. Mara tatu kwa juma, lala ubavu, inua mguu wa juu mara 10, kisha geuka ufanye vivyo hivyo kwa mguu wa pili.
5. Kula ushibe. Msichana ambaye hedhi yake imekatika wakati wa mazoezi makali amwambie matroni, maana mifupa yake yaweza kudhoofika.

Wazazi na walimu, mkimwona kijana anachechemea, msimwite mvivu. Mwulizeni anaumwa wapi, na tangu lini.