SOMO LA JANUARI: JIWE LA SAMWELI
Someni kwanza: 1 Samweli 4:1-11 na 7:2-13



Mwaka ukianza tunayo desturi njema ya kumpa mtu nafasi asimame kanisani ashukuru. Leo tujifunze namna ya kushukuru, maana mimi niliyezoea kusahihisha madaftari ya wengine nilipata kukosea jambo hili mbele ya watu wote.

Wengi mnaikumbuka mvua ya Desemba 2011. Nchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru tarehe 9. Siku kumi na moja baadaye, Jumanne tarehe 20, mvua ikaanza kumwagika Dar es Salaam, kubwa kuliko iliyopata kupimwa tangu mwaka 1954. Mto Msimbazi, uteremkao kutoka vilima vya Pugu na kupita Kigogo na Jangwani mpaka baharini, ulifurika. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengine walikaa juu ya mapaa wakingoja kuokolewa, na maelfu walikula Krismasi yao katika madarasa ya shule, kama kulikuwa na cha kula.

Nyumba yangu iko Kigogo, juu kidogo ya bonde. Maji yalifika ngazi ya pili ya baraza, yakakoma. Basi Jumapili tarehe 1 Januari 2012 nilisimama nikashukuru kwa sauti kubwa kwamba Mungu aliyazuia maji mlangoni pangu. Watu wakapiga makofi. Tulipotoka nje, mama mmoja wa bondeni, aliyefiwa na mwanawe katika mafuriko yale, alinishika mkono akaniuliza bila hasira, "Mwalimu, mbona kwangu hakuyazuia?"

Nilimwambia pole, nikaenda zangu. Jibu sikuwa nalo, na hata leo sinalo.

Jioni ile nilifungua habari za Eben-ezeri, yaani jiwe la msaada. Tumezoea kulisikia jina hili katika sura ya 7, Samweli anaposimamisha jiwe baada ya Wafilisti kushindwa. Lakini tazameni sura ya 4. Jina ni lile lile, na hapo ni mahali Waisraeli walipopiga kambi wakapigwa: kwanza watu wapata 4,000, kisha 30,000, na sanduku la agano likatekwa. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikufa siku hiyo. Samweli alikulia katika nyumba ya baba yao. Sidhani kwamba alikuwa amesahau alipolipa jiwe lake jina la mahali pa msiba. Kila mjane aliyelisikia alijua linataja nini.

Angalieni tena 7:6. Kabla ya ushindi na kabla ya jiwe, watu wote walikusanyika Mispa, wakafunga, wakachota maji wakayamimina mbele za Bwana. Waliomboleza pamoja kwanza. Mimi nilianza na jiwe.

Tena jiwe lile lilishuhudia msaada wa mpaka siku ile tu. Juu ya kesho halikusema neno. Ukifika sura ya 13 Wafilisti wamerudi. Msimbazi nao ulirudi, kama tulivyoona Aprili 2018.

Yule mama alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Mabwepande, upande wa Bunju, walikopewa viwanja na Serikali, wakaanza maisha katika mahema. Nilikwenda kumwona mara kadhaa. Hatukuzungumza habari za swali lake. Tulizungumza habari za maji ya kunywa na nauli.

Jumapili ya kwanza ya 2013 alikuja kwa basi, akasimama. Alilitaja kwanza jina la mtoto wake. Kisha akawashukuru vijana waliochimba tope kwa mikono mpaka wakampata. Kasisi alinyamaza kitambo kabla ya kuanzisha wimbo.

Ya kuzungumza katika mitaa yenu:
1. Nani alikaa karibu nawe uliposhukuru mara ya mwisho?
2. Ni jina gani la msiba wa mwaka jana ambalo bado halijatajwa kanisani?