Moshi huu unatoka wapi? Angalia picha ya satelite kabla ya kulaumu jirani

Tunajua wote maneno haya: anga imekuwa ya kijivu, mvua kidogo imenyesha, kesho yake majani ya maharagi yana madoadoa. Mara moja mtu anasema: «Ni fulani, alichoma shamba lake!» Maneno ya namna hii yanaweza kuvunja koperative. Tujifunze kuangalia kwanza.

1. Tafuta moto. Kwa simu yenye intaneti, fungua FIRMS, ramani ya bure ya NASA. Nukta nyekundu ni mahali satelite imeona joto kali. Satelite zenye chombo VIIRS hupita kwetu karibu saa saba na nusu mchana, na tena usiku. Nukta moja ni mraba wa mita 375 kila upande, karibu hekta 14. Kwa hiyo haiwezi kuonyesha shamba la nani. Na moto mdogo uliozimika asubuhi unaweza kukosa kuonekana.

Tena angalisho: nukta juu ya Nyiragongo ao Nyamulagira mara nyingi ni lava, si msitu unaowaka.

2. Fuata moshi. Fungua Worldview, ya NASA pia, na uchague siku ile ile. Wingu ni jeupe, kingo zake zinaonekana wazi. Moshi ni wa kijivu, unafifia. Ni kama mkia: mwembamba karibu na moto, mpana kule mbali. Mkia unakuonyesha upepo unaelekea wapi. Mawingu yakifunika yote, ngoja picha ya kesho.

3. Tenga moshi wa moto na ule wa volkano. Volkano inatoa gesi ya salfa. Satelite Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, inapima gesi hiyo kila siku. Upepo wa juu mara nyingi unaisukuma magharibi, upande wa Rusayo, Sake na Masisi. Ikikutana na mvua inakuwa asidi, inaunguza majani. Moshi huo unaleta pia floridi ndani ya matangi ya maji ya mvua. Floridi nyingi inaharibu meno ya watoto, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Basi, moshi wa volkano ukiwa juu yenu, ondoeni mfereji kwenye tangi, mfunike tangi, na muoshe lengalenga na sombe kwa maji safi mbele ya kupika.

4. Andika daftari. Picha inapigwa toka juu. Haisemi kama moshi uko chini shambani ao uko kilometa tatu hewani. Macho yenu na pua zenu zinajua. Mwanachama mmoja aandike kila siku: tarehe, upepo, harufu, mvua, hali ya majani.

Siku ya mkutano, wekeni daftari na picha pamoja mezani. Kisha ndipo tuzungumze juu ya jirani.